Maji ya Kifundo cha Mguu

Bahari inapojaa kaskazini mwa mji wa Tanga, tope lote ambalo ndege walikuwa wakilidonoa tangu alfajiri hufunikwa ndani ya saa chache. Chekehukwa, sululu na yangeyange hukosa pa kusimama. Huruka juu ya mikoko na kutua upande wa pili, katika majaruba ya chumvi, ambako maji hayapiti kifundo cha mguu, iwe bamvua au maji mafu. Hakuna aliyeyachimba majaruba hayo kwa ajili ya ndege. Yalichimbwa ili bahari ikauke humo na chumvi ibaki. Hata hivyo, katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege ya Tanzania iliyochapishwa mwaka 2002, sehemu hii ya pwani iliingizwa kwa jina la majaruba yenyewe: Tanga Kaskazini, majaruba ya chumvi ya Kibo. Jina hilo linastahili kufikiriwa na yeyote anayechimba kibwawa uani kwake akitamani vyura, kereng'ende na ndege waje, kwa kuwa wengi wanaofanya hivyo siku hizi huanza na picha za bustani za Ulaya. Ninaloshikilia ni kwamba pwani hii ina historia yake ya maji yaliyotengenezwa na watu, na kwamba historia hiyo inaeleza kwa uwazi kinachowaita viumbe: maji ya kina kidogo, yanayopanda na kushuka, yenye mtu wa kuyaangalia. Ukubwa wa bwawa na uzuri wake vina uzito mdogo sana katika jambo hili.

Tuanze na jaruba, kwa kuwa ndilo linalofundisha zaidi. Siku za bamvua, bahari inapopanda kuliko siku nyingine za mwezi, mlango wa maji hufunguliwa na bahari ikaingia katika bwawa la kwanza, lililo pana kuliko yote. Mlango hufungwa kabla maji hayajaanza kupwa. Tangu hapo maji husogezwa taratibu kutoka jaruba hadi jaruba, na kila yanapohamia yamepungua na kukolea, hata yanapofika jaruba la mwisho yamekuwa makali takriban mara kumi kuliko yalivyotoka baharini, na chembe za chumvi zinaanza kutua chini. Wafanyakazi halisi ni jua na upepo, na hao wawili wanataka maji yatandazwe yawe membamba. Bwawa la kumzamisha mtu halitoi chumvi. Basi hesabu ya mchumvi na hesabu ya ndege zikaangukia mahali pamoja bila wao kupatana: miguu ya chekehukwa mdogo haifiki urefu wa kidole cha mtu mzima, na mdomo wake hauwezi kufikia mdudu aliye chini ya maji ya magoti. Tena majaruba hayafanani. Lile la kwanza lina vijisamaki na kamba walioingia na bamvua, na hapo ndipo husimama yangeyange. Ya katikati, ambayo ukali wake umekwisha kuwashinda samaki, hubaki na wadudu wachache wanaoweza kuuvumilia, na kwa kuwa hakuna samaki wa kuwala, huzaana kwa wingi, ndege wakapata karamu. La mwisho karibu halina uhai unaoonekana kwa macho, lakini matuta yake makavu ndipo mahali pa kupumzikia hadi bahari itakapopwa. Kwa hatua mia chache mtu hupita katika aina tatu nne za maji, na kila moja ina wateja wake.

Wateja hao wametoka mbali. Baadhi ya chekehukwa wanaoonekana hapa kati ya Agosti na Aprili huzaliana katika nyika za baridi za kaskazini mwa Siberia. Yupo pia yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, ambaye hutaga katika mashimo ya mchangani huko Oman, Iran na nchi za Ghuba, kisha hushuka kuja Afrika Mashariki kwa njia ile ile iliyofuatwa na majahazi. Ndege wa namna hii hana muda wa kutafuta. Anahitaji kukuta mahali palepale alipopaacha, pakiwa na maji ya kina kilekile, na jaruba linalofanya kazi humpa hakika hiyo, kwa sababu kina chake kinasimamiwa na mtu ambaye riziki yake inakitegemea.

Kuna pingamizi zito hapa na ni haki lijibiwe kikamilifu. Atasema mtu: hayo majaruba yamekalia mahali pa mikoko, na kumsifu mchumvi kwa ndege wake ni kumsifu aliyebomoa nyumba kwa kuacha kivuli cha ukuta. Ni kweli kwamba mikoko imelipia chumvi mara mbili, kwa ardhi iliyofyekwa na kwa kuni za kuchemshia maji pale chumvi inapopikwa badala ya kuanikwa. Serikali ya kikoloni yenyewe ilianza kuitangaza mikoko ya Tanganyika kuwa hifadhi za misitu tangu mwaka 1928, jambo linaloonyesha kwamba thamani ya miti hiyo ilijulikana mapema. Nami sidai kwamba idadi yoyote ya ndege inaweza kufidia msitu ambamo samaki na kamba hukulia. Lakini pingamizi hili halihusu kila jaruba. Nyuma ya mikoko, mahali panapofikiwa na bahari siku za bamvua tu, huwa kuna uwanda mtupu ambao jua limekwisha kuuchoma kwa chumvi; mchu unaoota pembeni mwake hudumaa na hauzidi kimo cha mtoto. Uwanda huo unafaa chumvi kuliko msitu, na jaruba lililochimbwa hapo linakaa mahali palipokuwa tayari pa maji membamba yanayokuja na kuondoka. Tofauti kati ya jaruba hilo na lile lililofyekewa mikoko ni tofauti ya mahali, na mahali ndilo jambo ambalo mchimbaji wa bwawa hulifikiria baada ya kila kitu, ilhali lilipaswa kutangulia.

Ushahidi wa pili uko kusini mwa Pangani, na unaanzia katika mmea. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya Mto Pangani. Kutokana na hiyo yakatokea mashamba yaliyoufanya Mkoa wa Tanga ujulikane duniani, na pamoja nayo maelfu ya manamba waliohitaji kula. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi Mkwaja, kati ya Pangani na Saadani, ili kuwapatia wafanyakazi nyama. Nchi ile ilikuwa ya mbung'o, na ng'ombe, wengi wao Boran, waliishi kwa sindano za dawa dhidi ya nagana. Waliishi pia kwa malambo. Neno lambo halimwambii mengi mtu wa mjini, lakini kila mfugaji analijua: ni tuta la udongo linalokatisha bonde dogo ili mvua za masika zisipotee zote. Upande wa tuta maji ni ya kina na kingo zake ni za mteremko mkali. Upande wa pili, unaoitazama miinuko, bonde huinuka polepole, na maji hutandaa humo kama nguo iliyoanikwa. Ng'ombe hanywei penye mteremko mkali. Hunywea penye upana, na kwa hiyo lambo zuri la ng'ombe ni lile lenye mkia mrefu wa maji ya kina kidogo. Kadiri kiangazi kinavyosonga, mkia huo hurudi nyuma hatua kwa hatua, na nyuma yake hubaki tope lenye unyevu linaloota majani machanga wakati nyasi zote za jirani zimekwisha kuwa makapi.

Ranchi ilifungwa mwaka 2000. Vichaka vya migunga vilikuwa vimeyavamia malisho, mbung'o hawakuwa wameshindwa, na hesabu za biashara zilikuwa zimegoma. Mwaka 2005 ardhi yake ikawa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, hifadhi inayofahamika kwa kugusana na Bahari ya Hindi. Wanyama pori walirithi kazi yote ya nusu karne: maji yaliyotegwa kwa ajili ya ng'ombe na mazizi ya zamani ambayo udongo wake ulikuwa umelishwa samadi kwa miaka mingi. Tohe, ngiri, kuro na nyati hawakuulizwa kama wanapenda mandhari ya lambo. Wapo wanaosema kwamba huu si mfano wa kuvuta wanyama hata kidogo, kwamba ranchi iliwasukuma kando kwanza na kuwaruhusu baadaye. Nalikubali hilo kama historia ya ardhi. Kama historia ya maji lina kasoro, kwa sababu mnyama anaporudi anachagua, na kilichopo cha kuchagua ni umbo la bwawa: anashuka kwenye mkia wa lambo palepale ng'ombe alipokuwa akishuka, kwa sababu ile ile.

Ili hoja isimame lazima tuitazame pia upande ambao mabwawa yalichimbwa kwa nia njema na yakashindwa. Upande huo uko Korogwe. Mwaka 1949 ufugaji wa samaki wa mabwawani nchini ulianza kama majaribio katika sehemu mbili, Korogwe kwetu na Malya huko Usukumani. Bonde la Pangani lilikuwa chaguo la busara; lina perege wake, mmojawao akibeba jina la Korogwe katika vitabu vya sayansi tangu 1955. Mabwawa mengi yalichimbwa. Mengi hayakudumu: ukame, ujuzi usiolingana na mazingira, na kukosekana kwa usimamizi viliyamaliza. Baada ya uhuru kampeni ya taifa ya mwaka 1967 iliamsha hamu upya, na mwaka uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitaja idadi ya mabwawa yanayofikia 8,000 nchini kote, baadhi yakiwa na ukubwa wa meta 20 za mraba tu, ambao ni ukubwa wa chumba kimoja cha nyumba. Mavuno yalikuwa haba. Hii ndiyo sehemu ya historia yetu ya mabwawa inayofanana zaidi na kibwawa cha uani: kidogo, cha familia, chenye kingo zilizonyooka, kilichochimbwa kwa shauku ya msimu mmoja. Mtu anaweza kudai kwamba bwawa la samaki lililoachwa ni zawadi kwa vyura, na kwa miaka miwili mitatu atakuwa na haki. Baada ya hapo matete hufunga uso wa maji, udongo wa kingo huporomokea ndani, na palipokuwa bwawa huwa kinamasi, kisha kichaka. Jaruba la chumvi halifikii mwisho huo wakati chumvi inauzika, kwa kuwa kila mwaka kuna mtu anayerudi na jembe kurekebisha tuta.

Na mbu je? Katika mji kama Tanga hili ndilo pingamizi la kwanza litakalotoka kwa jirani, na jirani ana haki ya kuuliza. Malaria imechunguzwa hapa kwa muda mrefu kuliko karibu kila mahali Afrika Mashariki. Miaka ya 1930 Dakta Bagster Wilson aliongoza kitengo cha malaria mjini Tanga, na baada ya Vita Kuu ya Pili kazi hiyo ikapandishwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mahali palepale ambapo Wajerumani walianzisha taasisi yao ya kilimo mwaka 1902. Elimu iliyokusanywa katika ukanda huu inatulazimisha kuwa waangalifu kwa pande zote mbili. Anofelesi anayeitwa gambiae, adui mkubwa, hupendelea vidimbwi vidogo vilivyo juani: nyayo za ng'ombe, alama za magurudumu, mashimo yaliyochimbwa udongo wa kujengea. Huko maji ni ya siku chache na hakuna anayewala viluwiluwi wake. Lakini ndugu yake funestus hupenda maji ya kudumu yenye majani kingoni, yaani bwawa lile lile ambalo mpenda bustani angelisifu, na yupo mwingine, merus, anayestahimili maji ya chumvichumvi ya pwani. Kwa hiyo anayesema bwawa halina mbu anakosea, na anayesema kila bwawa ni kiota cha malaria naye anakosea. Swali la haki ni nani mwingine anaishi ndani ya maji hayo pamoja na viluwiluwi.

Watu wa pwani walikwisha kulijibu swali hilo ndani ya nyumba zao. Katika nyumba za mawe za Lamu, birika la msalani lilikuwa na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Kwenye sakafu ya birika, mafundi walikuwa wakizamisha bakuli la kaure kutoka China ndani ya chokaa. Birika linapokauka kwa matumizi au linaposafishwa, maji yaliyosalia hukusanyika bakulini, na samaki hukusanyika humo pia, wakingoja lijazwe tena. Nalitaja bakuli hilo kwa makusudi, ingawa Lamu iko mbali kidogo na Tanga, kwa sababu linawajibu wale wanaosema kwamba kutunza kiumbe majini bila kukusudia kumla ni desturi ya kuazima. Fundi aliyeliweka alikuwa amefikiria siku ambayo maji yatakuwa machache kabisa, akamwandalia samaki mahali pa kuivuka siku hiyo. Mabwawa mengi ya kisasa ya saruji, yenye kina kimoja kutoka ukuta hadi ukuta, hayana fikra hiyo ndani yake. Yakipungua, yanapungua yote kwa pamoja.

Tena kuna samaki wa hapahapa ambaye bakuli lake ni tope. Mwaka 1907 mtaalamu wa Sweden, Lönnberg, alieleza kwa mara ya kwanza kijisamaki kilichokusanywa Tanga, kinachoitwa leo Nothobranchius palmqvisti. Urefu wake ni kama sentimita tano, na dume lake lina mkia mwekundu ambao mtu asingetarajia kuuona katika dimbwi la maji ya rangi ya chai. Huishi katika madimbwi ya mvua ya ukanda wa pwani, yale yanayojaa masika au vuli na kukauka kabisa. Maji yanapokwisha, samaki wote hufa. Mayai waliyoyataga hubaki ndani ya tope, ukuaji wake ukiwa umesimamishwa, miezi kadhaa chini ya udongo uliopasuka. Mvua ikirudi huanguliwa, na ndani ya wiki chache watoto wamekuwa wakubwa na wanataga. Chakula chao ni vijidudu vya majini, viluwiluwi vya mbu vikiwemo. Ukitaka kumuua samaki huyu si lazima umwage sumu. Lifanye dimbwi lake liwe la kudumu na umwekee perege, au litandikie saruji ili yai likose tope la kulala. Ndiyo maana napingana na wazo kwamba bwawa lililokauka Februari limeshindwa. Kwenye pwani yenye misimu miwili ya mvua, kukauka ni sehemu ya maisha ya maji, na dimbwi la kando ya barabara linaweza kuwa na hazina ambayo bwawa la kudumu halina.

Historia ya kuleta uzuri wa nje majini nayo tunayo. Magugu maji, mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa ajili ya ua lake la zambarau, yalikwisha kuonekana katika Mto Sigi na Mto Pangani miaka ya 1950, zamani kabla Ziwa Victoria halijahangaishwa nayo. Sigi ndio mto ambao mwaka 1978 ulikingwa kwa Bwawa la Mabayani ili Tanga ipate maji ya kunywa. Mmea unaowekwa katika bakuli la bustani hauna habari kwamba ni wa bakuli. Mvua kubwa moja inautosha kufika mtoni. Katika jambo hili sina maneno ya kulainisha: yungiyungi wa hapa na mafunjo ya bondeni yanatosha, na kwa kawaida huja yenyewe pamoja na ndege.

Basi kibwawa cha uani kinachofuata ushahidi wa pwani hii kingekuwa na sura ambayo haipatikani katika picha zinazopendwa. Kingeanza na kuuliza maji ya masika husimama wapi uani, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ya ukanda huu ni mawe ya matumbawe yanayonywa maji kama chujio, na udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa vizuri ndio uliokuwa ukizuia maji malamboni kabla ya turubai za plastiki. Upande mmoja ungekuwa na shimo la kina, kiasi cha bakuli la birika, mahali pa kuivukia siku ya maji machache. Sehemu nyingine yote ingekuwa mkia mrefu, ulioinuliwa taratibu hadi maji yawe ya kifundo cha mguu, kisha ya ukucha, kisha tope tupu, na mpaka huo ungeachwa usogee huku na huko mwaka mzima. Kazi yake isingeisha siku ya kuchimba.

Kazi hiyo ndiyo inayonirudisha kwenye majaruba. Chumvi ya Tanga ikikosa mnunuzi, shamba huachwa, na mabadiliko huanza pale pasipotazamwa: mlango wa maji huoza, bamvua moja ikapita juu ya tuta lililolegea na kulikata, na tangu siku hiyo bahari huingia na kutoka bila kuulizwa. Kaa hutoboa matuta yaliyobaki. Miaka michache baadaye miche ya mchu huota penye jaruba la kwanza, na huo ni urejeo ambao msitu una haki nao. Lakini maji yakijaa, kina sasa ni kile cha bahari, na kundi la chekehukwa lililotoka Siberia linazunguka mara mbili juu ya mahali palipokuwa na matuta, kisha linaendelea na safari kutafuta jaruba jingine ambalo mlango wake umefungwa.